Usiliamini umbo la jani: dhana potofu kuhusu kutambua mimea inayotambaa

Mtu akitaka kuutambua mmea unaotambaa, kwanza hushika jani, akatazama umbo lake, kisha akatoa jina. Kwa mimea ya nchi za joto, makosa mengi huanzia hapo hapo. Umbo la jani hubadilika kwa umri, kwa kivuli na kwa mbegu. Sehemu ya kuaminika ni kifundo, pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Hapo utaona kama majani yanatazamana au yanapishana, kama kuna mwiba, tezi au mizizi, vikono (zile nyuzi za kujishikia) vimechomoza upande gani, na ukivunja panatoka nini. Dhana zinazofuata nimezisikia kwenye mashamba ya viungo, kwenye vitalu vya maua na kwa watu wanaochimba viazi vya porini, na baadhi yake ni za hatari.

"Jani la umbo la moyo ni la kiazi kikuu"

Kiazi kikuu kweli kina jani la umbo la moyo. Lakini pilipili manga nayo inalo, tambuu inalo, aina kadhaa za viazi vitamu zinalo, Tinospora, mmea unaotambaa wa vichakani, analo, na hata lile pambo la sebuleni linaloitwa pothos linalo. Ukiacha pilipili manga na tambuu ambazo ni ndugu, hizo ni jamii tofauti kabisa za mimea ambazo zimefikia umbo moja.

Geuza jani utazame mishipa. Kwenye kiazi kikuu, mishipa mikubwa kadhaa huanzia pamoja pale kikonyo kinapogusa jani, ikapinda kufuata ukingo na kukutana tena karibu na ncha, huku mishipa midogo ikikatiza katikati. Jani la kiazi kitamu lina mshipa mkuu wa katikati unaotoa matawi kushoto na kulia, na ukivunja kikonyo unaona maziwa. Pilipili manga na tambuu hutambulika kwenye shina: vifundo vimevimba, na vinatoa mizizi mifupi inayoung'ang'ania mti. Fikicha jani uinuse, harufu ya kiungo itakujibu. Tinospora hana harufu hiyo, shina lake lina vipele vipele, na ukilikata kipande utaona mistari inayotoka katikati kwenda nje kama spoku za baiskeli. Mistari hiyo ni alama nzuri ya jamii yake nzima, Menispermaceae, ambayo mara nyingi hukutwa bila ua wala tunda.

Ukishahakikisha kwamba ni jamii ya viazi vikuu, yaani Dioscorea, kazi bado ipo, kwa sababu ndani yake kuna vya kuliwa na vya kuua. Kiazi kikuu chenyewe, Dioscorea alata, kina shina la pembe nne, na kila pembe ina ukingo mwembamba uliochomoza. Pitisha kidole utausikia. Majani yake, hasa ya juu, hukaa mawili mawili yakitazamana. Dioscorea bulbifera ana shina la mviringo na majani yanayopishana, na kwenye makwapa ya majani huning'inia viazi vidogo vya hewani. Wengi huishia kwenye hivyo viazi vya hewani wakidhani wamemaliza, kumbe hata kiazi kikuu huvitoa wakati mwingine. Shina ndilo linaloamua.

"Kusini mwa ikweta mimea hujisokota kinyume"

Hii hutajwa kwa kujiamini sana, pamoja na ile ya kwamba mmea hulifuata jua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliangalia mimea inayojisokota katika maeneo mbalimbali ya dunia, kaskazini na kusini, ukakuta kama asilimia 92 inajisokota upande mmoja, bila kujali iko umbali gani kutoka ikweta. Upande wa kujisokota ni tabia ya aina ya mmea. Maharage ya Mbeya na maharage ya Ulaya hupanda mti kwa njia ile ile.

Kwa hiyo upande huo unafaa sana katika kutambua. Simama mbele ya mti ulioshikwa, tazama sehemu ya shina iliyo upande wako. Ikiwa inapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, mmea huo uko pamoja na wengi: maharage, viazi vitamu, kiazi kikuu. Ikiwa inapanda kutoka chini kulia kwenda juu kushoto, uko pamoja na wachache, na Dioscorea bulbifera ni mmoja wao. Hata mwanzo wa mvua, majani yakiwa machanga na viazi havijaonekana, kamba yenyewe tayari imeshakwambia.

"Vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja ni jamii ya maharage au kunde"

Hapa naomba msomaji atulie, maana kuna watu wanaoumia.

Ndiga, Dioscorea dumetorum, ana vijani vitatu. Kiazi chake cha porini kina sumu ya kundi la dioscorine inayoshambulia neva, na wanaokila wakati wa njaa hukikatakata, hukiloweka na kukichemsha kwa muda mrefu kabla ya kukigusa. Kwa mbali unaweza kudhani ni mharage mwitu. Kwa karibu tofauti ziko wazi. Shina la ndiga, na mara nyingi vikonyo vyake, vina miiba. Kila kijani kina mishipa kadhaa inayoanzia chini na kupinda hadi nchani, tabia ile ile ya viazi vikuu. Na hujisokota upande wa wachache.

Mharage, kunde au upupu hauko hivyo. Chini kabisa ya kikonyo, pale kinaposhika shina, kuna vijani viwili vidogo sana ambavyo wengi hawavioni. Kikonyo kimevimba kidogo mahali hapo hapo, na kati ya vile vijani vitatu vya jani, viwili vya pembeni haviko sawa pande zote: nusu ya nje ni pana kuliko nusu ya ndani. Ukiona dalili hizo tatu pamoja, umeshika jamii ya kunde.

Nimetaja upupu, basi niseme na hili. Watu hukimbia majani ya upupu wakidhani ndiyo yanayowasha, kumbe mwasho unatoka kwenye nywele za maganda. Kuna upupu wa kupandwa shambani kwa ajili ya kurutubisha ardhi ambao maganda yake hayana nywele hizo za kuwasha. Ukiguswa na jani la mmea unaojisokota na ngozi ikawaka papo hapo, huenda ni Tragia, wa jamii moja na mihogo, ambaye nywele zake za kuchoma ziko kwenye majani na shina.

"Kikono ni kikono tu"

Kama ningeruhusiwa kufundisha kitu kimoja tu kuhusu mimea hii, ningefundisha vikono, zile nyuzi zinazojisokota kushika kijiti. Kila jamii imevitoa mahali pake, na mahali hapo hapabadiliki hata jani likibadilika umbo.

Chukua tawi la karakara, ambalo wengi huliita pasheni, ulishike kwenye kifundo. Kikono kinatoka kwapani, katikati ya kikonyo na shina. Juu ya kikonyo, karibu kabisa na jani, kuna tezi mbili ndogo, moja kila upande. Sasa chukua tawi la mzabibu kutoka Dodoma, au la Cissus wa porini: kikono hakipo kwapani, kiko ng'ambo ya pili ya shina, kikilitazama jani. Nenda kwenye boga, dodoki au mung'unye: kikono kiko pembeni mwa kikonyo, si kwapani wala ng'ambo. Smilax, mwenye miiba mikali, hutoa vikono viwili kwenye kikonyo chenyewe, kimoja kulia na kimoja kushoto. Ukijua mahali hapa panne umeshaondoa mashaka mengi sana, na hujaangalia ua hata moja.

Gloriosa superba, ua la taifa la Zimbabwe ambalo humea pia kwenye vichaka vya pwani na bara kwetu, hana kikono cha kuchomoza. Ncha ya jani lenyewe ndiyo hurefuka na kujikunja. Jani lolote jembamba lisilo na kikonyo, lenye ncha iliyojisokota hivyo, lisikufanye uchimbe kiazi chake. Kina sumu iitwayo kolichisini, na Sri Lanka kumeripotiwa watu walioumwa na kufa baada ya kukila wakidhani ni kiazi cha kawaida.

Kikono nacho kina mpaka wake, kwani hutambulisha jamii, si lazima mmea wenyewe. Adenia ni jamii moja na karakara: kikono kwapani, tezi karibu na jani, na majani ambayo mara nyingi yamegawanyika vidole. Baadhi ya aina zake zina sumu ya protini inayofanana na ile ya mbegu za mbarika. Jani la karakara lina ukingo wenye meno madogo, ilhali la Adenia mara nyingi lina ukingo laini. Kwa kutambua inatosha kuanzia. Kwa kula haitoshi hata kidogo.

"Ukitoa maziwa ni sumu, usipotoa ni salama"

Pande zote mbili za dhana hii si kweli. Vunja kijiti cha mbungo: maziwa mazito yanatoka mara moja, yanakwama kwenye vidole na baada ya dakika chache yanavutika. Majani yanatazamana, ni magumu na yanang'aa. Na tunda lake ndilo linalotupa juisi ya mabungo inayonywewa Unguja, Pemba na Tanga. Ndugu zake wa Landolphia ndio waliotoa mpira wa porini uliouzwa kupitia Zanzibar katika karne ya 19, na ni mipira ya aina hiyo iliyowaletea watu wa Kongo mateso chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Katika jamii hiyo hiyo, yenye majani yanayotazamana vile vile, yumo Strophanthus, aliyetumika kutengeneza sumu ya mishale. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, akiwa kwenye msafara wa Zambezi na Livingstone aligundua kwamba mswaki wake uliogusana na sumu hiyo ulipunguza mapigo ya moyo wake. Ikazaa dawa ya moyo. Tunda huwatenganisha vizuri: bungo ni la mviringo, Strophanthus ana maganda mawili marefu yaliyochongoka kama pembe. Bila tunda, usionje.

Na wale wasio na maziwa? Gloriosa hana. Adenia hana. Ndiga hana. Utomvu unakupeleka kwenye jamii. Habari ya usalama haimo ndani yake.

"Majani mawili tofauti ni mimea miwili tofauti"

Mche wa karakara huanza na majani mazima, vidole vitatu huja baadaye. Syngonium, pambo la ndani, akiwa mdogo jani lake ni la umbo la mshale, na akipanda juu ya mti linagawanyika vipande kadhaa. Pothos huyo wa chungu cha sebuleni, akiachwa apande mnazi, hutoa majani makubwa mno yenye kupasuka kingoni, na watu huja kuuliza ni mmea gani mgeni. Fuata shina kwa mkono toka chini hadi juu kabla ya kuhesabu aina.

"Kamba isiyo na majani ni ile ile moja"

Nyuzi za manjano zinazofunika ua wa nyumba au mwembe kule magharibi mwa Kenya ni Cuscuta, ndugu wa viazi vitamu. Nyuzi zinazofunika vichaka vya ufukweni mara nyingi ni Cassytha, ndugu wa mparachichi na mdalasini. Zote hunyonya mmea mwingine. Cassytha ni ngumu zaidi, ina ukijani zaidi, na ukiifikicha inanukia. Kamba nene ya kijani, yenye nyama na mizizi kwenye vifundo, iliyokaribia kukosa majani kabisa, huko pwani inaweza kuwa vanila mwitu, Vanilla roscheri. Vanila ya Kagera na Uganda, Vanilla planifolia, ina jani nene kwenye kila kifundo.

"Bila ua huwezi kutambua, au simu itanitambulia"

Ua husaidia, lakini kwenye msitu wa joto liko mita 30 juu, na kwa wiki chache tu za mwaka. Alwyn Gentry, mtaalamu wa mimea kutoka Marekani, aliandaa mwongozo uliotoka mwaka 1993 wa kutambua miti na kamba za msituni za Amerika Kusini kwa majani, magome, utomvu na harufu, na watafiti wameutumia miaka yote hii.

Programu za simu zinafanya kazi kwa picha unayoipa. Ukiipa jani moja la umbo la moyo, itakupa moja ya majina sita niliyotaja hapo juu, kwa bahati tu. Piga picha ya kifundo kwa karibu, kikionyesha kikonyo, kwapa na kikono. Piga upande wa chini wa jani ili mishipa ionekane. Piga shina likiwa limezunguka kijiti, ili upande wa kujisokota usomeke, kisha kata kipande upige mkato wake. Andika kando kama kulikuwa na utomvu, rangi yake, na harufu, maana hivyo picha haivichukui.