Je, wajua kwa nini Mto Kawa hujaa kwa dakika chache?

Anayepita kando ya Mto Kawa, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwezi wa Julai, huona kijito chembamba kinachojikokota kati ya mawe na takataka. Akirudi mwezi wa Novemba, mvua kubwa ikiwa ndiyo kwanza imekatika, hukuta maji ya matope yakigonga kuta za nyumba. Wengi husema mvua imezidi. Huenda, lakini hata mvua ya zamani, ikinyesha leo juu ya mlima uleule, ingezaa mto mwingine, kwa sababu kilichobadilika ni kile ambacho tone hukikuta linapofika chini.

Penye msitu, tone hupokelewa na majani, na sehemu yake hugeuka mvuke kabla ya kugusa ardhi. Linalobaki hupenya katika vijitundu vilivyotobolewa na mizizi, minyoo na mchwa, likasafiri chini kwa siku au miezi hadi litokee kwenye chemchemi. Hayo ndiyo maji yanayoulisha mto wakati wa kiangazi. Miti ikikatwa na udongo ukabaki wazi, matone huupiga moja kwa moja, chembe zake huziba vile vijitundu, na maji yaliyokosa pa kuingia huteremka.

Bati halina hata vijitundu vya kuziba. Tuchukue nyumba moja ya Kadutu, mojawapo ya sehemu za mji wa Bukavu, yenye paa la meta 50 za mraba. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila meta ya mraba. Basi mvua ya milimita 40 humwaga kutoka paa hilo lita 2,000, yaani bidoni 100 za lita 20, zilezile ambazo akina mama na watoto huzipandisha mlimani mabomba yanapokauka. Zote humwagika kichochoroni kabla mvua haijakatika, na jirani, ukuta kwa ukuta, anamwaga zake saa hiyohiyo. Kinachofurisha Kawa ni maji ya mlima mzima kufika kwa pamoja.

Tukumbuke kwamba miti nayo hunywa. Msitu ukikatwa, jumla ya maji ya mto kwa mwaka mara nyingi huongezeka, ila hugawanyika vibaya: mengi mno siku ya mvua, machache mno mwezi wa Agosti. Wala msitu hauzuii kila furiko, kwa kuwa udongo uliokwisha kulowa kwa miezi hauna tena nafasi. Mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, yaliyoua watu zaidi ya 400 mwezi wa Mei 2023, yalikuja msimu wa mvua ukielekea kwisha, chini ya miteremko mikali.

Na pipa chini ya bati? La lita 200 lingepokea sehemu moja tu ya kumi ya mvua ya paa lile, tena likiwa tupu mawingu yanapokusanyika.