Kuchemsha maji hakuondoi floraidi

Arusha na Meru bado utasikia watu wakisema: chemsha vizuri maji ya bomba, meno ya mtoto hayatakuwa ya kahawia. Si kweli. Kuchemsha kunaua vijidudu, basi. Floraidi, yaani madini yaliyoyeyuka kwenye maji ambayo ndiyo hugeuza meno kuwa ya kahawia, haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki, na kiwango chake kwa lita kinapanda.

Floraidi hiyo inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko vinakipita. Ukoko mweupe wa birika usikudanganye: huo ni chokaa ya maji magumu, inayokula sabuni tu, wala haikuambii kitu kuhusu floraidi.

Meno huathirika yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, kwa hiyo kumlaumu mtoto kwamba hapigi mswaki ni kumwonea. Wa chini ya miaka minane apewe maji ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kunywa na kupikia. Magadi kwenye makande pia yapunguzwe, maana nayo huwa na floraidi. Kufua na kuoga, bomba linatosha.