Tani ya gari siyo tani ya mzigo

Juzi Tegeta, nje ya duka la vifaa vya ujenzi, nilimkuta kijana anapakiza saruji kwenye pikapu ya milango minne. Mifuko ilishafika 32, nyuma imelala, taa za mbele zinatazama juu. Nikamwambia imezidi. Akafungua mlango wa dereva, akanionyesha kibandiko: kilo 3,000. "Mzee, hii ni tani tatu. Bado sana."

Nimeshalisikia jibu hilo mara nyingi mno. Ile namba ni uzito wa juu kabisa wa gari zima likiwa limejaa: bati na chuma chake, mafuta, watu na mzigo. Gari tupu lina namba yake. Toa hii kwenye ile, kinachobaki ndicho unachobeba.

Na "kutoa" ndiyo neno lenyewe. Kontena lolote linalotoka bandarini limeandikwa TARE mlangoni, yaani uzito wa kontena likiwa tupu, na wengi hudhani ni Kiingereza tu. Asili yake ni Kiarabu, tarh, kutupa au kuondoa, na mpaka leo Waarabu huita hivyo hesabu ya kutoa. Wafanyabiashara walipima gunia na vilivyomo, kisha wakatupa uzito wa gunia ili walipie bidhaa peke yake. Neno likapita Ulaya, likaturudia kwa meli. Kontena la futi 20 lenye uzito wa juu wa kilo 30,480 na TARE ya kilo 2,200 hivi halibebi tani 30. Linabeba 28 na kidogo.

Turudi kwa kijana wangu. Pikapu yake tupu ni kama kilo 2,000. Imebaki tani moja, yaani mifuko 20 ya kilo 50. Lakini ndani wamekaa yeye na wapakizi wawili, tuseme kilo 210. Imebaki mifuko 15. Watu nao ni mzigo, na hapo ndipo hesabu za wengi hupotelea.

Linaloniumiza zaidi ni lile la mafundi: "Tutaongeza chuma cha springi, itabeba." Ni kweli nyuma itanyanyuka. Lakini breki ni zilezile, beringi ni zilezile, ekseli ni ileile, na chesisi inaweza kupinda pale kabini inapoachana na bodi. Tairi nayo ina kikomo chake: iliyoandikwa 112 ubavuni hubeba kilo 1,120 ikiwa na upepo kamili, hata ukiifungia springi za Fuso. Uzito wa juu hufuata kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, na springi mara nyingi siyo hicho. Gari lililosimama vizuri linamdanganya dereva mpaka ateremke mlima na breki zichemke.

Marekani nako majina yanachanganya. Wanasema pikapu ya nusu tani, ya robo tatu, ya tani moja, wakimaanisha pikapu za Ford kama F-150, F-250 na F-350. Zamani hiyo ilikuwa kadirio la mzigo. Siku hizi ni jina la daraja tu, na zipo za "nusu tani" zinazobeba zaidi ya tani nzima. F-250 nyingi zimeandikiwa pauni 10,000, kama kilo 4,536, kwa sababu pauni moja zaidi inalipeleka gari daraja jingine la kisheria. Kwa hiyo namba ya kibandiko hutoka kwenye chuma na kwenye sheria pia. Kuvuta tela ni hesabu nyingine kabisa.

Kijana alinisikiliza, akashusha mifuko michache, siyo yote. Ningeomba tu tuseme hivi: gari hili uzito wake wa juu ni tani tatu, mzigo wake ni tani moja, ukiwemo wewe dereva.