Kurejea Kwenye Mazoezi ya Orientiringi Baada ya Ugonjwa Mdogo

Msimu wa mashindano unapokaribia, wachezaji wa orientiringi hutuuliza swali moja kuliko mengine yote: mafua yamepungua na homa imeshuka tangu jana, je, ninaweza kuingia msituni? Jibu hutegemea ni sehemu gani ya mchezo inayoulizwa, kwa sababu mbio hizi za kutafuta vituo kwa ramani na dira huchosha moyo na miguu kwa upande mmoja na akili kwa upande wa pili, na pande hizo mbili hazilazimiki kurudi kazini siku moja.

Tuanze na moyo, ambao mchezo huu una sababu ya pekee ya kuuhofia. Kati ya mwaka 1979 na 1992, vijana 16 waliokuwa wakicheza orientiringi nchini Uswidi walifariki ghafla, na uchunguzi wa miili yao ulionyesha uvimbe wa misuli ya moyo kwa kiwango kikubwa kuliko ilivyotarajiwa. Mwishoni mwa 1992, mazoezi na mashindano ya wachezaji wa ngazi ya juu yalisimamishwa nchini humo kwa takriban nusu mwaka. Wataalamu wamejadili vimelea mbalimbali, wakiwemo bakteria wa jamii ya Bartonella, lakini ushauri uliotolewa kwa wachezaji ulikuwa rahisi kueleweka: mwili unaopambana na maambukizi usipewe mazoezi makali. Virusi vya kawaida vinavyoleta mafua au kuhara vinaweza, kwa watu wachache, kufika kwenye misuli ya moyo, na hakuna anayejua mapema kama yeye ni miongoni mwa hao wachache.

Homa peke yake ni mzigo. Joto la mwili likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, moyo huongeza takriban mapigo 10 kwa dakika hata mgonjwa akiwa amelala, kwa hiyo anayekimbia na homa anaupa moyo kazi mbili kwa wakati mmoja. Kumeza dawa ya kushusha homa ili kuwahi mazoezi ni kujidanganya, kwani dawa huondoa dalili na kuacha maambukizi yalivyo. Siku za kupona zihesabiwe tangu homa ilipoisha bila msaada wa dawa.

Wengi wanaijua kanuni ya shingo: dalili zikiwa juu ya shingo tu, kama vile pua kutiririka na kupiga chafya, mazoezi mepesi yanaruhusiwa, zikishuka chini ya shingo, kama vile kikohozi cha kifuani, maumivu ya misuli ya mwili mzima au kuhara, mtu apumzike. Ni kanuni nzuri, ila wanamichezo huipinda kwa manufaa yao. Koo linalouma pamoja na homa na mitoki iliyovimba si dalili ya juu ya shingo, ingawa koo liko huko.

Kipimo tunachokiamini zaidi hakihitaji kifaa cha gharama. Asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Anayeijua hesabu yake ya siku za afya, tuseme 54, akikuta 64, ajue kwamba mwili bado uko vitani, hata kama pua imekauka.

Siku hizo za kungoja si za kupotea bure, na hapa ndipo orientiringi inapoizidi michezo mingi. Chukua ramani ya zamani yenye kipimo cha 1:10,000, ambapo sentimita 1 ni mita 100 za ardhi, na uchague njia kati ya vituo viwili ukiwa umeketi. Tuseme njia iliyonyooka ina mita 600 lakini inakata mistari 6 ya kontua (mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko) iliyoachana kwa mita 5 za kwenda juu, na njia ya kuzunguka kilima ina mita 800 za tambarare. Kwa makadirio ya kawaida, mita 1 ya kupanda hugharimu sawa na mita 8 hadi 10 za tambarare, kwa hiyo mita 30 za mlima zinaongeza kati ya 240 na 300, na njia ndefu ndiyo fupi. Anayefanya hesabu hizi ishirini kila siku kwa wiki moja hurudi msituni akiwa na jicho kali kuliko alipougua.

Homa ikiisha na mapigo yakitulia, anza kwa kutembea na ramani dakika 20 hadi 30, kwa mwendo unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kuhema. Mapigo ya kesho yake asubuhi yakibaki palepale, endelea. Yakipanda, rudi nyuma siku mbili. Angalia pia makosa yako, kwa sababu anayelazimika kuisoma ramani mara tatu kwenye njia panda moja huenda bado amechoka, si kwamba amesahau mchezo.

Tatizo la msitu ni kwamba mchezaji huwa peke yake, na kituo cha katikati kinaweza kuwa mbali na barabara. Katika wiki ya kwanza, chagua njia fupi zinazopita karibu na pale unapoanzia, mwambie mtu saa ya kurudi, na ubebe firimbi: milio 6 ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, ni ishara ya kuomba msaada. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida au kuzimia humaanisha kusimama papo hapo na kumwona daktari, ambaye atapima umeme wa moyo; na uvimbe wa misuli ya moyo ukithibitika, mapumziko huwa ya miezi 3 hadi 6, hata kwa mchezaji anayejisikia mzima ndani ya wiki mbili.