Kesho kuna shule? Dhana potofu kuhusu sikukuu za umma na siku za kumbukumbu nchini Kenya

Swali hili huzuka kwenye vikundi vya wazazi kila mwaka, hasa Oktoba, na majibu mengi hutolewa kwa kutazama kalenda ya ukutani. Kalenda hizo huchanganya siku za aina tatu: siku za kitaifa, sikukuu za umma, na siku za kumbukumbu ambazo shule huziadhimisha huku vipindi vikiendelea.

Dhana: Sikukuu zote ni siku za kitaifa.

Kifungu cha 9 cha Katiba ya 2010 kinataja siku za kitaifa tatu tu: Madaraka (1 Juni), Mashujaa (20 Oktoba) na Jamhuri (12 Desemba). Katiba yenyewe ndiyo inayozifanya kuwa sikukuu. Nyingine, kama Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Leba Dei, Idd-ul-Fitr na Krismasi, zimo kwenye jedwali la Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, na jedwali hilo hurekebishwa bila kuigusa Katiba.

Dhana: 10 Oktoba ilifutwa na Katiba mpya.

Katiba haikuitaja siku hii, iliyokuwa sikukuu ya Moi Dei, basi ofisi zikafunguliwa na shule zikasomesha kwa miaka kadhaa. Lakini hakuna aliyelirekebisha jedwali la Sura ya 110. Novemba 2017 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliamua kwamba siku hiyo ingali sikukuu mpaka sheria ibadilishwe, na mwaka uliofuata mapumziko yakarejea. Jina ndilo lililotangatanga: kutoka Moi Dei likawa Siku ya Huduma, na tangu marekebisho ya sheria ya 2024 ni Siku ya Mazingira. Kalenda yenye jina la zamani haikosei tarehe. Hata hivyo, mwalimu anayeandaa shughuli za wiki hiyo atumie jina la sasa, kwa kuwa siku hiyo siku hizi ni ya kupanda miti na kutunza mazingira.

Dhana: Sikukuu ikiangukia wikendi, Jumatatu ni mapumziko.

Nusu ya kauli hii ni kweli. Sheria inaijali Jumapili peke yake: sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ambayo si sikukuu huchukua nafasi yake. Ndiyo maana Mashujaa ya 2024, iliyoangukia Jumapili, ilitupa mapumziko ya Jumatatu 21 Oktoba, na Madaraka ya 2025 ikatupa Jumatatu 2 Juni. Krismasi ikiwa Jumapili, Jumatatu tayari ni sikukuu ya 26 Desemba, kwa hiyo fidia inasogea hadi Jumanne.

Jumamosi haina fidia. Mwaka 2026, 10 Oktoba na 12 Desemba zote ni Jumamosi, na anayesubiri Jumatatu ya bure Oktoba atapata simu kutoka kwa mwalimu wa darasa.

Dhana: Idd zote mbili zina uzito mmoja kisheria.

Idd-ul-Fitr imo katika sehemu ya kwanza ya jedwali, sehemu inayomhusu kila mtu. Tarehe hutegemea mwezi, na tangazo huweza kutoka siku chache tu kabla. Idd-ul-Azha imo katika sehemu ya pili: ni sikukuu kwa Waislamu. Diwali iko papo hapo kwa Wahindu. Miaka ya karibuni waziri amekuwa akitoa tangazo la kuifanya Idd-ul-Azha kuwa sikukuu ya wote, kama 17 Juni 2024 na 6 Juni 2025, na mazoea hayo yamewafanya watu wadhani ni haki ya moja kwa moja. Mpangaji ratiba aiandike kwa penseli.

Tangazo la jumla lisipotoka, shule inafunguliwa, lakini mwanafunzi Mwislamu ana sikukuu yake. Kosa la kawaida ni kumwandika mtoro kwenye rejista, au kuweka mtihani wa katikati ya muhula siku hiyo na kumwachia atafute namna ya kuufanya baadaye. Mwanafunzi Mhindu siku ya Diwali naye atendewe vivyo hivyo.

Dhana: 27 Agosti shule hufungwa.

Katiba ilizinduliwa 27 Agosti 2010, na mwaka 2025 Rais alitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Katiba. Tangazo lenyewe lilieleza kwamba si sikukuu ya umma. Ni siku ya kazi, na shule ni miongoni mwa taasisi zinazotarajiwa kuiadhimisha kwa shughuli za uraia. Kwa maneno mengine, asiyefika ameikosa shule.

Siku za aina hii ni nyingi: Siku ya Mazingira Duniani 5 Juni (isichanganywe na ile ya Oktoba), Siku ya Mtoto wa Afrika 16 Juni, inayowakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto 1976, Siku ya Kiswahili Duniani 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na Siku ya Walimu Duniani 5 Oktoba. Zote hizi hazifungi lango. Kinachoziharibu ni kuzitengea asubuhi nzima ya hotuba chini ya jua. Dakika 20 kwenye gwaride, kisha kipindi kimoja cha somo linalohusika, kama historia au Kiswahili, hutosha na hufunza zaidi.

Dhana: Waziri wa Elimu ndiye anayetangaza sikukuu.

Wizara ya Elimu hutoa tarehe za mihula. Sikukuu ya ziada hutangazwa na waziri anayesimamia usalama wa ndani kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Hivyo ndivyo ilivyopatikana 13 Novemba 2023 ya kupanda miti, na 10 Mei 2024 ya kuwaomboleza waliokufa kwa mafuriko. Hiyo ya pili haikula kipindi hata kimoja, maana kufunguliwa kwa muhula kulikuwa kumeahirishwa hadi 13 Mei.

Picha ya tangazo ikikufikia kwenye simu, angalia mambo matatu: nambari ya tangazo, jina la waziri aliyepo sasa, na kama siku ya wiki inalingana na tarehe. Matangazo bandia mara nyingi ni ya mwaka uliopita yaliyobadilishwa tarehe tu, na mbadilishaji husahau siku ya wiki. Kisha litafute kwenye toleo lenyewe la Gazeti.

Dhana: Sikukuu hupunguza masomo yote kwa usawa.

Hapa ndipo shule nyingi hupoteza bila kujua. Jamhuri, Krismasi, 26 Desemba na Mwaka Mpya huangukia likizoni. Pasaka hubadilika: Ijumaa Kuu ya 2024, 29 Machi, ilikuwa ndani ya muhula wa kwanza, ya 2025, 18 Aprili, shule zilikuwa zimeshafungwa. Mzigo unabaki kwa muhula wa tatu, ulio mfupi kuliko yote, wa takriban wiki 9, wenye sikukuu mbili ndani ya siku 11, huku mitihani ya vitendo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ikikaribia au kuanza.

Hesabu vipindi, usihesabu siku. Chukua somo lenye vipindi 5 kwa wiki, yaani 45 kwa wiki 9, likiwa na viwili vya pamoja vya maabara Jumatatu na kimoja Ijumaa. Mwaka 2025, 10 Oktoba ilikuwa Ijumaa na 20 Oktoba Jumatatu, kwa hiyo somo hilo lilipoteza vipindi 3, tena pamoja na vile viwili vya maabara. Somo lililopangwa Jumanne hadi Alhamisi halikupoteza chochote. Dawa ni kubadilishana: wiki ya sikukuu, mwalimu asiyepoteza amwazime mwenzake kipindi, na makubaliano hayo yaingie kwenye maazimio ya kazi mwanzoni mwa muhula, kabla Oktoba haijafika.

Kuwaita wanafunzi Desemba ili kufidia ni kosa jingine kabisa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo.

Kwenye rekodi ya kazi, siku hiyo iandikwe "sikukuu ya umma", isiachwe wazi. Kwenye rejista ya mahudhurio isihesabiwe kati ya siku ambazo shule ilikuwa wazi. Ikihesabiwa, darasa zima litaonekana halikuja, na wastani wa mahudhurio wa muhula utashuka bila sababu.