Mazalia ya mbu ni nini hasa?

Mwambie mtu wa Mtwara mjini aondoe mazalia ya mbu, na mara nyingi atachukua fyekeo. Atafyeka majani nyuma ya nyumba, na jioni mbu wako palepale. Majanini mbu hujificha tu mchana. Mazalia ni maji: maji yoyote yaliyotulia wiki moja na zaidi, kwa sababu kwa joto la pwani yetu yai huwa mbu wa kuruka ndani ya siku 7 hadi 14.

Wala si lazima yawe machafu. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Maji machafu ya shimo la choo ni ya mbu yule wa usiku anayeeneza matende na mabusha huku pwani. Anofelesi wa malaria hupenda madimbwi yanayopigwa na jua, hata unyayo wa ng'ombe uliojaa mvua. Lakini yuko mbu mweusi mwenye madoa meupe, Aedes, anayeuma mchana wakati chandarua kimekunjwa. Huyu hutaga kwenye maji safi ya vyombo vyetu: pipa, mtungi, tairi bovu.

Watu wa kusini tuna sababu ya kumjua. Chikungunya, ugonjwa anaoueneza pamoja na dengi, ulitambuliwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, pande za Newala. Jina lenyewe ni la Kimakonde, likieleza jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mgonjwa. Na uwanda ule hauna mito juu yake. Mvua hunywewa na mchanga, hivyo kila nyumba ilibidi iweke akiba ya maji. Akiba hiyo ndiyo iliyokuwa mazalia.

Angalia vifuu vya nazi nyuma ya jiko. Mvua za Desemba zikianza, kila kilicholala kinywa juu kinakuwa kisima. Inama juu ya kimoja: utaona vijiti vyembamba vinaning'inia chini ya uso wa maji, na kivuli chako kikipita vinazama vikijinyonganyonga. Hivyo ndivyo viluwiluwi. Vigeuze vifuu vyote kifudifudi, au vitie motoni. Ukipanda magimbi au mananasi, chungulia pia makwapani mwa majani, maji hutuama humo.

Pipa ndilo lenye hila. Aedes hubandika mayai ukutani, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji na kujaza mengine, umeyaangulia. Kila wiki lisugue ndani kwa brashi ngumu, hasa ule mstari wa maji, suuza, jaza, kisha funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu kisicho na tundu, ukikaze shingoni kwa tyubu ya baiskeli.