Je, wajua: kwa nini Ireland iliupigia kura mkataba uleule mara mbili?

Tarehe 12 Juni 2008 wananchi wa Ireland waliukataa Mkataba wa Lisbon, uliorekebisha namna Umoja wa Ulaya unavyoendeshwa, kwa asilimia 53.4. Tarehe 2 Oktoba 2009 wakaulizwa tena, na safari hii asilimia 67.1 wakaukubali. Katika maandishi ya mkataba haikuguswa hata nukta. Basi walikubali nini?

Kwanza, kwa nini waliulizwa wao, wakati nchi nyingine 26 zilimaliza jambo hili bungeni? Ni kwa sababu ya Raymond Crotty, mchumi aliyeishtaki serikali yake ili isiridhie mkataba wa 1986 ulioandaa soko la pamoja. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba serikali haiwezi kuukabidhi uhuru wake wa sera za nje bila idhini ya wananchi. Tangu hapo mikataba mikubwa ya Ulaya hupitia kura ya maoni ya kubadili Katiba. Wingi wa kura zilizopigwa unatosha, hata wakijitokeza wachache.

Kwa upande wa Ulaya, mkataba haukuweza kuanza bila nchi zote 27 kuuridhia. "Hapana" moja ilitosha kuusimamisha. Kuuandika upya kungemaanisha kuyarudia mabunge yaliyokwisha kuupitisha, kwa hiyo viongozi wakatafuta kilichowatisha wapiga kura. Wengi waliosema hapana walieleza kwamba hawakuuelewa mkataba. Wengine walihofia kwamba Ulaya ingewaamulia kodi ya makampuni na utoaji mimba, kwamba nchi yao ingeacha kutoegemea upande wowote kijeshi, na kwamba wangempoteza kamishna wao, maana kuanzia 2014 Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja, ingepunguzwa hadi theluthi mbili ya idadi ya nchi.

Hilo la kamishna lilitatuliwa bila kuugusa mkataba, kwa kuwa wenyewe uliwaruhusu wakuu wa nchi kubadili idadi hiyo kwa kauli moja. Desemba 2008 waliahidi kila nchi itabaki na kamishna wake. Juni 2009 wakatoa dhamana za kisheria juu ya yale mengine. Katikati ya hayo benki za Ireland ziliyumba, na Waayalandi wengi wakauona Umoja kuwa kinga.

Wapo wanaoiita kura ya pili hila. Sikubaliani nao: mpiga kura alipewa jibu, na bado angeweza kukataa. Kinachoniuma zaidi ni cha Ufaransa na Uholanzi. Mwaka 2005 wananchi wao waliikataa Katiba ya Ulaya, mkataba uliotangulia ule wa Lisbon, kwa asilimia 54.7 na 61.5. Sehemu kubwa ya yaliyomo ikarudi ndani ya Mkataba wa Lisbon, na mwaka 2008 mabunge yao yakaupitisha bila kuwauliza wananchi tena.

Viongozi nao walijifunza. Mkataba wa nidhamu ya bajeti wa 2012 uliandikwa nje ya mikataba ya Umoja, ukiwa na sharti kwamba utaanza nchi 12 za sarafu ya euro, kati ya 17, zikiuridhia. Ireland ilipiga kura Mei 31, ikakubali kwa asilimia 60.3. Lakini ingekataa, mkataba ungeendelea bila yake, nayo ingekosa haki ya kuomba mikopo mipya kwenye mfuko wa uokoaji wa nchi za euro.